Silikanti achorwe kama alivyo akiwa hai

Mhariri,

Katika ukurasa wa watoto wa gazeti lenu nimeona mchoro wa silikanti: samaki wa kahawia, kasimama mchangani kwa mapezi manne kama kenge. Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Tanga. Naomba mchoro huo urekebishwe, maana samaki huyu alitambuliwa kwa mchoro.

Desemba 1938, nahodha Hendrik Goosen alimvua karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London huko huko, hakupata pa kumhifadhi samaki wa mita moja na nusu katika joto lile. Ikabidi achunwe na kujazwa, matumbo yakatupwa. Lakini mama huyo alimchora na kuupeleka mchoro kwa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Ni mistari michache tu, ila ya lazima yote imo: magamba, mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama, na mkia wenye kijipezi cha ziada kinachochomoza katikati. Hapo Smith akamtambua samaki aliyejulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, na aliyedhaniwa ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Ile kahawia ni rangi ya maiti aliyekaushwa. Silikanti wa Sulawesi, Indonesia, ni wa kahawia kweli, lakini wa bahari yetu akiwa hai ni buluu iliyokolea, mwenye mabaka meupe. Mabaka hayo hayafanani kwa samaki wawili, na watafiti huwatofautisha kwa hayo. Mchoraji asiyatawanye ovyo.

Wala hatembei. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo huko Ngazija, Komoro, wakampiga filamu. Anaelea, mapezi yakipokezana, kulia na kushoto, na mara nyingine husimama kichwa chini, mkia juu. Mkao huo unapendeza kuuchora kuliko huo wa kenge!

Wakomoro walimweka kwenye stempu mwaka 1954, na leo yumo kwenye noti yao ya faranga 1000. Sisi tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake hapa Tanga, na bado majarife ya papa humnasa. Smith na mkewe walipomtafuta wa pili, walisambaza kipeperushi chenye picha yake na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo. Mwaka 1952, kisiwani Nzwani, huko huko Komoro, mwalimu mmoja wa shule alimtambua kwa picha hiyo samaki aliyevuliwa na Ahamadi Abdallah.

Basi chapisheni mchoro sahihi, ukurasa mzima, wenye maelezo ya Kiswahili, tuubandike madarasani na kwenye madiko ya wavuvi kuanzia hapa hadi Kilwa. Nipo tayari kuuchora bila malipo.

Msomaji wenu,
Tanga