Barua ya wazi kwa binamu yangu aliyelefti grupu kwa ajili ya sokwe

Kaka,

Nimeanza na kaka, umeona? Umenizidi miezi mitatu tu lakini maisha yote umedai heshima yako, basi leo nakupa hadharani.

Sijui kama utaisoma hii mwenyewe ila najua kuna mtu atakutumia, familia yetu haijawahi kushindwa kufowadi kitu. Njia nyingine zote nimejaribu. Meseji zangu zinabaki na tiki moja, nikipiga haiiti, na shangazi nikimuuliza uko wapi ananijibu "we si ndo unajua kila kitu, mtafute kisayansi". Kwa hiyo naandika hapa. Wengine mnaopita samahanini, hii ni ya mtu mmoja.

Kilichonisukuma ni kifo cha Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, Kigoma. Ile tarehe 1 Oktoba 2025 habari ilivyotoka, bibi wa miaka 91, kafia California bado yuko kwenye ziara ya kutoa mihadhara, kidole changu kilienda chenyewe kwenye jina lako. Nikaandika "kaka, yule bibi wa Gombe katutoka", halafu nikakumbuka hatuongei. Nikaifuta. Unajua nani alinifundisha mimi habari za yule mama? Ni wewe. Ulinisimulia umesimama juu ya kitanda, shuka begani, jinsi alivyofika Gombe mwaka 1960 hana hata digrii, akamuona yule sokwe mwenye ndevu nyeupe aliyempa jina David Greybeard, anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anauvuta taratibu umejaa mchwa, anawala. Halafu ukaigiza sauti nzito ya Louis Leakey, yule mtafiti wa binadamu wa kale aliyemtuma Gombe, kwamba sasa itabidi tubadilishe maana ya zana, au tubadilishe maana ya binadamu, au tukubali sokwe nao ni binadamu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nakuangalia wewe tu. Sasa mtu huyohuyo ndo alikuja kunigeuka mbele ya watu, na hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Maana mi na wewe kubishana ndo ilikuwa salamu yetu. Pluto ilipovuliwa usayari mwaka 2006 ulikaa na sura ya msiba siku mbili, unalalamika hakuna aliyeenda kumsikiliza mwenyewe. Mwaka 2015 chombo cha New Horizons kilipopita kule na ile picha ikaja, Pluto ana alama kubwa ya moyo ubavuni, ukanitumia na maneno matatu: "ona, katusamehe". Ile meseji bado ninayo. Simu nimebadilisha mara tatu na ile meseji naihama nayo.

Na zile nutrino, zile chembe ndogo kuliko atomu, za mwaka 2011 je? Ulikuja mbio unahema, Einstein kaanguka, kuna chembe zimerushwa kutoka CERN, ile maabara ya fizikia kule Uswisi, mpaka maabara ya Gran Sasso kule Italia zimeupita mwanga kwa kasi! Mi nikasema subiri kwanza, wewe ukasema nina roho mbaya. Mwaka uliofuata ikajulikana kuna waya wa faiba haukuwa umekazwa vizuri. Waya kaka! Nilicheka, na nakiri nilicheka kupita kiasi, kwa sababu kwa muda mrefu baada ya hapo kila tukikutana nilikuwa nakusalimia "vipi, umekaza waya?" na mbele ya mchumba wako pia nilikusalimia hivyo. Labda hilo nalo unalo moyoni. Lakini mi nilikuwa nataniana, na nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi lazima kidogo aruhusiwe kufurahi.

Sasa nikupeleke kwenye usiku wa Ayumu, maana bila huo kesi yangu haieleweki.

Si unamkumbuka, yule sokwe kijana wa Kyoto, utafiti wake ulitoka 2007. Tarakimu zinamulika kwenye skrini sehemu ndogo tu ya sekunde, zinafunikwa na viboksi vyeupe, na yeye anavigusa kimojakimoja kwa mpangilio kama mtu anayepanda ngazi za kwao gizani. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwekewa jaribio lilelile akawaacha. Tukapakua gemu inayofanana na hiyo kwenye simu yako, tukakaa nayo mpaka usiku wa manane. Mi tarakimu ya nne tu inanipotea. Wewe ukafika ya tano ukaruka juu umeshinda, kumbe ulikuwa umegusa kwa bahati, tukarudia ukafeli mara saba mfululizo. Ukaiweka simu chini kifudifudi, ukakaa kimya, halafu ukasema: "basi, undugu naukubali, ila yeye ndo kaka mkubwa."

Uliukubali. Tulikuwa wawili tu, hakuna shahidi, lakini uliukubali kwa mdomo wako.

Ndo maana siku ile kwa babu sikutegemea. Sihitaji kuisimulia, ulikuwepo. Naisimulia hata hivyo.

Watu wamejaa, watoto wamekaa chini, mazungumzo yanaenda vizuri tu, na wewe ukageuka na kile kicheko chako cha pembeni ukasema kwa sauti: "hebu mwanasayansi wetu atuambie, kama binadamu katoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?" Swali ambalo jibu lake unalijua! Tulilijibu pamoja! Ila kwa kuwa watu wananiangalia nikasimama. Nikaanza vizuri. Nikasema jamani kwanza tusichanganye, nyani ana mkia, yule ni upande wa kina tumbili na ngedere, njia yetu na yake ilitengana zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Anayesemwa hapa ni sokwe, hana mkia, na hata huyo hatukutoka kwake, ila sisi na sokwe-mtu tuna mzee mmoja aliyeishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, wao wakashika njia yao na sisi yetu. Watu wananisikiliza. Shangazi anatikisa kichwa cha kukubali. Kisha nikataka kuweka mfano rahisi, na Mungu ananiona nilikuwa na nia njema, nikasema ni kama mimi na binamu yangu hapa, mimi sikumzaa yeye na yeye hakunizaa mimi, mimi kuwepo hakumzuii yeye kuwepo, sote tumetoka kwa mzee mmoja. Na kidole changu kikamwonyesha babu.

Hukusubiri hata sekunde. "Babu, umesikia? Anasema wewe ndo sokwe mwenyewe."

Unakumbuka babu alivyovua miwani? Akashika mguu mmoja wa miwani, akatoa, akashika wa pili, akatoa, akaikunja, akaiweka juu ya goti, akaniangalia bila miwani. Akasema neno moja tu. "Mimi?"

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Watoto walikuwa wanagaagaa. Nikaanza kusema hapana babu ni mfano, wakazidi. Na wewe hukuishia hapo, ukauliza huo usokwe tumeupata kwa babu au kwa bibi. Kaka, swali lenyewe hata si lako. Inasimuliwa kwamba Askofu Wilberforce alimuuliza Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin, hivyohivyo Oxford mwaka 1860, na Huxley akajibu kistaarabu kabisa kwamba kuliko kuwa na undugu na mtu anayetumia kipaji chake kuudhihaki ukweli, afadhali babu awe sokwe. Jibu hilo nalijua kwa kichwa. Lilikuwa mdomoni tayari, nimevuta na pumzi.

Ndo ukasema: "tena muulizeni huyu, usiku wa mionzi alizima simu au hakuzima?"

Kilichotoka mdomoni mwangu si Huxley. Kilitoka "nyani wewe".

Kwa neno hilo naomba radhi, na naomba radhi kwa sababu halikuwa sahihi. Nilikuwa nimetoka tu kueleza tofauti ya nyani na sokwe, dakika haijaisha, nakuja kukosea mwenyewe mbele ya watoto. Wewe huna mkia.

Sawa, tuongelee mionzi, maana ndo imekuwa historia yangu kwenye ukoo. Wewe ndo uliyeileta. "Usiku wa leo saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mionzi ya kosmiki itapita karibu na dunia, zimeni simu, msilale nazo karibu, NASA wamethibitisha." Mi nikaandika aya nne kwenye grupu. Kwamba mionzi ya kosmiki, zile chembe zinazotoka anga za mbali, inatupiga mchana na usiku tangu dunia iwepo, kwamba Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa juu angani kwenye puto na akaja kupewa Nobel mwaka 1936, kwamba kuzima simu ni kama kufunga dirisha ili jua lisichwe. Aya nne, na kila mtu alisoma.

Na ndio, simu nilizima. Chaji ilikuwa imebaki asilimia nne. Chaja ilikuwa chumba kingine na watu wamelala, nisingeweza kuwasha taa. Mtu mwenye asilimia nne anazima simu, hiyo haihusiani na mionzi hata kidogo, na hata kama ingehusiana, tahadhari ni kitu kimoja na imani ni kitu kingine, mtu anaweza kutoamini radi inamfuata yeye na bado akatoka chini ya mti. Hilo ningelieleza siku ile kama mngenipa nafasi. Hamkunipa. Mpaka leo babu hajasikia habari ya kromosomu namba 2, moja ya vile vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, ndo ilikuwa inafuata! Kwamba sokwe wana jozi 24 sisi jozi 23, na yetu namba 2 ni mbili za zamani zilizoungana, na pale zilipoungana bado kuna alama za ncha, kama nguo iliyounganishwa ukaiona mshono. Ningemaliza na hiyo wote wangenyamaza.

Nakubali na wewe ulikuwa na pointi zako, mi si mtu wa kuficha. Ulivyonibana kuhusu asilimia ulinibana kweli. Mi nilikuwa naimba 98.8 tangu jenomu ya sokwe, yaani orodha ya herufi zote za vinasaba vyake, ilipotoka mwaka 2005, kwamba tunafanana naye kwa asilimia hiyo, ile iliyotokana na yule sokwe Clint, na wewe ukasema mbona wengine wanaandika 96. Ni kweli, ukihesabu herufi moja moja zinazolingana unapata ile kubwa, ukijumlisha vipande vilivyoongezeka na vilivyopotea inashuka. Na Aprili 2025 zilipotoka jenomu kamili za aina sita za sokwe nilijua unachekelea huko uliko, maana kuna sehemu ndefu ambazo hazilinganishiki kirahisi, kwa hiyo namba inategemea unahesabu nini. Nilitaka nikwambie "ulikuwa na hoja". Ningekwambia kwa nani, tiki moja?

Lakini ile ya fuvu la Piltdown acha kuitumia. Eti wanasayansi walidanganywa kuanzia 1912 mpaka 1953 na fuvu la mtu lililowekewa taya la orangutangu, likadaiwa kuwa la binadamu wa kale. Ndio walidanganywa, na waliokuja kuiumbua ni nani kama si wanasayansi haohao?

Ushauri wangu kwako kama ndugu, kabla hujafowadi kitu angalia nani kasema na kasema lini. Mi huwa naangalia. Najua unachotaka kusema, ile picha ya nyota Proxima Centauri kutoka darubini ya James Webb mwaka 2022, ambayo niliituma kwenye grupu na maneno "tazameni utukufu" na kumbe ni kipande cha soseji. Lakini aliyeiweka ni mwanafizikia wa Ufaransa, Étienne Klein, mtu mwenye jina lake! Alikuwa anatania na baadaye akaomba radhi. Mi nilifuata chanzo. Chanzo ndo kilinitupa. Wewe ukaiweka profaili yako mwezi mzima, na nilivumilia.

Nilivumilia kwa sababu ulinicheka ukiwa ndani. Ukashangilia, ukakasirika, ukasema nina roho mbaya, kesho yake unanitumia roboti anayepiga sarakasi. Siku ile kwa babu niliona kama umetoka nje ukafunga mlango halafu ukanichekea dirishani. Halafu eti wewe ndo ukalefti grupu! Aliyeitwa sokwe ni babu, aliyechekwa ni mimi, anayenuna ni wewe. Babu mwenyewe ashasahau, au hajasahau ila kageuza utani, nikimpigia anapokea "sokwe mkuu anaongea".

Kuna kitu sijakwambia. Usiku ule wa mionzi niliwasha simu alfajiri. Meseji ya kwanza kuingia ilikuwa yako, umeituma saa tisa na nusu kamili, maana yake ulikuwa macho unasubiri mionzi ipite. Umeandika "upo hai?" Ndo ukaona tiki moja, ndo ukajua nimezima. Mi sikujibu, niliona nikijibu nitakuwa nimekiri.

Nipo hai kaka. Sasa mi ndo naangalia tiki moja. Wewe upo hai?