Mama Kulwa, Usilifunge Daftari

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe, na mapacha hawajambo? Huku sote wazima.

Barua yako aliniletea yule kijana wetu wa meli ya Nansio. Niliisoma palepale mlangoni, nikairudia usiku. Uliposema umelifunga daftari la Kiingereza na kulitupa juu ya kabati, moyo uliniuma. Eti kwa sababu ulisoma "debt" mbele ya wageni wa mradi, ukaitamka ile b, na watu wakacheka. Wewe unayeweka hesabu za kikoba cha wanawake thelathini bila shilingi kupotea!

Nilimwuliza jirani yangu mwalimu, akanifungulia kamusi lake kubwa. Neno lile Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na zamani waliliandika bila b. Baadaye wasomi waliokienzi Kilatini wakataka asili yake ionekane, kwa kuwa kwa Kilatini deni ni "debitum", basi wakaichomeka b. Waliichomeka kwenye karatasi tu, mdomoni haikuingia. Hutamkwa "det" mpaka leo. Kwa hiyo ulichosoma ndicho kilichoandikwa, mwenzangu. Maandishi ndiyo yaliyokuponza.

Sasa tazama risiti unayomwandikia mtu akileta marejesho. Kiingereza chake ni "receipt", na ile p nayo ilichomekwa vilevile kwa ajili ya Kilatini. Sisi tunasema risiti. P iko wapi? Haipo, maana neno lile tulilipokea kwa sikio. Mama muuza dagaa wa Mwaloni ambaye hajakanyaga darasa la Kiingereza analitamka karibu na Mwingereza kuliko mwanafunzi anayelisoma herufi kwa herufi. Hilo limenikaa sana kichwani wiki hii.

Na kisiwa chetu je? Miaka minne ya sekondari tulisema "is-landi", sisi wazaliwa wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili! Ile s nayo ni mgeni, iliingizwa kwa kufananisha na neno jingine lenye asili ya Kilatini. Sema "ailandi", basi.

Ila matamshi ni nusu ya kazi. Maana ndiyo iliyonitoa jasho hapa mjini. Siku yangu ya tatu kwenye kiwanda cha minofu nilikuwa mapokezi, sangara wanashushwa kwenye barafu, kreti baada ya kreti. Mkaguzi mgeni akaniambia niangalie "scale". Nilikuwa nimelikariri: scale, gamba la samaki. Nikainama, nikampitisha kidole sangara mmoja kutoka mkiani kwenda kichwani, nikatazama magamba kama yamebanduka. Yako sawa, nikamjibu. Yeye alikuwa anasema mizani. Mizani ilikuwa tupu, nayo inaonyesha gramu 40. Kreti zote za asubuhi zikarudiwa kupimwa, na wenzangu wakachelewa kula kwa ajili yangu.

Tangu siku hiyo siandiki tena neno moja na maana moja mbele yake. Naandika neno pamoja na mahali nilipolikuta. Ukurasa wangu wa scale una gamba, una mizani, una na vile viwango vya mishahara vinavyobandikwa ukutani. Nawe fanya hivyo kwa maneno ya kikoba. "Interest" ni riba, lakini mtu akikuambia ana "interest" na kikundi chenu hadai riba, anavutiwa nacho. "Share" ni hisa, na pia ni kugawana.

Halafu mkazo. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuvuta, kwa sababu sisi karibu kila neno tunalikaza silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "salary", mshahara, tunalisema sa-LA-ri, Mwingereza mwenyewe anasema SA-la-ri. Kiingereza kinahamisha mkazo kinavyotaka, na hakuna njia ila kuujifunza pamoja na neno lenyewe. Kwenye kamusi utaona kijistari kidogo kimesimama juu, kama ukucha. Silabi inayofuata kijistari hicho ndiyo ya kukaza. Mimi nilikaa miaka nikidhani ni uchafu wa uchapaji. Sasa kwenye daftari silabi hiyo naiandika kwa herufi kubwa, na neno lote naliandika kwa tahajia yetu kama nilivyolisikia. Unaanza kusikia, unaandika ulivyosikia, ndipo unatazama wao wanavyoliandika.

Jambo jingine lililonifurahisha. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "ship", meli, na "sheep", kondoo, masikioni mwetu huwa kitu kimoja. Mama mkwe wangu wa Magu, ambaye Kisukuma ndicho lugha yake, alizitenga mara ya kwanza tu nilipomsomea. Kisukuma kina irabu saba, i zake ni mbili. Nikamketisha anifundishe kuzisikia kwa maneno ya kwao, na baada ya siku chache sikio langu likafunguka. Usimruhusu mtu akuambie lugha ya nyumbani inaharibu Kiingereza.

Kwa kijana huyohuyo wa meli nimekutumia kamusi ndogo yenye alama za matamshi, nimeifunga ndani ya kanga ya bluu. Ndani kuna karatasi nimekuandikia maneno kumi ya kikoba, la kwanza ni "debt". Lishushe daftari kabatini. Jumamosi asubuhi, kabla hamjakaa kikao, nipigie unisomee yote kumi, nami nitakusomea yangu. Wiki hii nina zamu ya mchana, hivyo mpaka saa sita niko nyumbani.

Wabusu Kulwa na Doto. Waambie shangazi yao anakuja na meli mwisho wa mwezi.

Wako akupendaye,
Mama Sayi