Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye viwanda,

Hesabu za chama mmeshagawiwa na mweka hazina, nami sina la kuongeza hapo. Naanza na Jumapili moja niliyopita kiwandani mwangu mitambo yote ikiwa imezimwa. Katika ule ukimya nikasikia mluzi mwembamba kwenye kiungio cha mpira wa upepo. Hatua chache mbele, mwingine. Huko nje kompresa, mashine inayosukuma upepo kwenye mabomba, ikawaka yenyewe, ikanguruma kidogo, ikazima, ikawaka tena. Hakuna mashine hata moja iliyokuwa kazini, na umeme tulikuwa tunaulipia.

Fundi wa zamu alipaka maji ya sabuni kwenye kile kiungio, povu likafura mbele ya macho yangu. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye mgandamizo wa bari 7 hula takriban kilowati 3 hadi 4, usiku na mchana. Kiwanda kisichokaguliwa mara kwa mara si ajabu kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo wake wote kwa njia hiyo. Dawa yake ni washa (kipete cha kuzibia), klipu na fundi mwenye nusu saa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mwaka mzima tumebishana juu ya jambo moja. Baadhi yetu wanasema mazingira ni mzigo ambao biashara haiubebi. Wengine wanasema tutunze tu, faida itakuja. Kwa maoni yangu tumechanganya kazi za aina mbili.

Zipo kazi zinazojilipa. Ukipunguza mwendo wa feni kwa asilimia 20, umeme inaotumia hushuka karibu nusu. Maji ya kulisha boila yakipashwa kwa joto lililokuwa linapotea, kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoongezeka huokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Kuyeyusha alumini chakavu huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini. Anayeziahirisha kazi hizi anaumiza mfuko wake mwenyewe, na hapo sioni cha kujadili.

Kazi za aina ya pili hazijilipi, na naomba tuache kudanganyana. Mtambo wa kusafisha majitaka ya rangi au ya ngozi hauongezi hata bidhaa moja sokoni. Unakula umeme, dawa na mshahara wa mwendeshaji, na tope lake nalo linataka mahali salama pa kutupwa. Anayefaidika ni yule anayechota maji mtoni chini ya kiwanda, mtu ambaye hamo kwenye vitabu vyetu. Mwanachama anayesafisha maji yake anauza bei moja na mshindani anayefungulia majitaka mtoni usiku. Tukimwacha apambane peke yake, tutakuwa tunamwadhibu kwa uadilifu wake.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya chama. Pendekezo la mtambo wa pamoja wa majitaka halikukamilika mwaka huu, na lawama ni yangu: niliruhusu kamati ianze na mgawanyo wa gharama kabla hatujajua kila kiwanda kinatoa maji kiasi gani na yana nini ndani. Wenye viwanda vidogo waliogopa kubebeshwa uchafu wa wakubwa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Vilevile tuliwaandikia wakaguzi barua kuomba kanuni zisimamiwe kwa wote, wakiwemo wanachama wetu. Wapo walionilaumu kwa barua ile. Bado naisimamia.

Kamati itaanza upya na vipimo. Kila mwanachama afunge mita kwenye bomba lake la kutolea maji, asome kila siku kwa miezi 3, na alete sampuli kwenye maabara tutakayoteua. Gharama ya maabara italipwa na mfuko wa chama, na cha kwanza kupimwa kitakuwa kiwanda changu.