Wakili au mtandao? Tunavyowaambia wanaokuja kusajili biashara Mwanga

Hapa ofisini kwetu Mwanga, Kigoma, swali hili halipiti wiki bila kuulizwa: "Niende kwa wakili, au ninyi mnijazie kwenye mfumo yaishe?" Sisi tunakula kwa kuwajazia watu fomu za BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, na wateja wengi tunawaambia waketi tuanze. Wapo wengine tunawaomba waende kwanza kwa wakili, hata kama wamekuja na hela mkononi.

Mama anayenunua dagaa Kibirizi na kuwapakia kwenda Dar es Salaam, peke yake, kwa mtaji wake, anachohitaji ni jina la biashara. Ada ya serikali ni shilingi 20,000. Unaingiza namba ya NIDA, anuani na aina ya biashara, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, na jina likikubaliwa cheti unakipakua humo humo. Wakili hapo hana cha kuongeza. Tunachomkumbusha mama huyo ni kwamba jina la biashara halimtengi yeye na biashara yake. Akikopa kwa jina hilo akashindwa kulipa, anayedai anamdai yeye, na mali yake ya nyumbani imo kwenye hesabu.

Kampuni ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Wanadhani kuna njia mbili, ya mawakili na ya mtandao. Mfumo ni mmoja. Tangu 2018 usajili unapita kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, na wakili naye anaingia humo humo. Halafu huwezi kumkwepa moja kwa moja, maana Fomu 14b, ile ya tamko kwamba matakwa ya sheria yametimizwa, husainiwa mbele ya wakili. Kwa hiyo wakili utamwona tu. Swali ni utamwona lini: katiba ya kampuni ikiwa bado haijaandikwa, au siku ya mhuri, dakika tano, mlango wazi na watu wanangoja nyuma yako. Akigonga mhuri siku hiyo hajakushauri chochote, wala hukumlipa akushauri.

Walikuja kwetu vijana wawili wenye kampuni ya uvuvi, cheti safi kabisa. Walikuwa na vipe, yaani boti za kuvulia, injini na friza, hisa nusu kwa nusu. Katiba waliinakili kwa kampuni ya ujenzi ya jamaa yao, wakabadilisha majina. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mkopo ukaendelea kudai. Mmoja akataka injini iuzwe, mwenzake akataka wangoje ziwa lifunguliwe. Hisa sawa, kura sawa. Katiba haikusema nani aamue, wala anayetaka kutoka anunuliwe hisa zake kwa bei gani. Walidhani sisi tunaweza "kurekebisha kwenye mfumo". Hatukuweza. Mfumo ulikubali nyaraka zao kwa sababu zilikuwa kamili, na hakuna kisanduku kinachouliza mtafanya nini mkikosana. Tuliwapeleka kwa wakili, na kwa wakati ule alikuwa anasuluhisha ugomvi. Ilituuma, kwa sababu saa moja ya mazungumzo kabla ya kusajili ingewasaidia sana.

Ndiyo maana mkija wawili au watatu tunawauliza kabla ya kuwasha kompyuta: nani ameweka pesa, nani ameweka kiwanja au boti, na kiwanja hicho sasa ni cha nani? Mmoja akifariki, mkewe au watoto wanaingia vipi? Nani anasaini benki? Mkiangaliana mkanyamaza, nendeni kwa wakili. Nendeni pia kama mwenzenu ni raia wa Burundi au Kongo, maana mbali na pasipoti yake kuna mambo ya vibali. Ada ya wakili mwulizeni mapema, na mwulizeni inahusu nini: kuandika katiba yenu, au kusaini tu. Ada ya serikali haibadiliki kwa sababu ya aliyejaza. Inafuata mtaji: kwa mtaji usiozidi milioni 1 ni shilingi 95,000, kisha kuna ada za kuwasilisha nyaraka na ushuru wa stempu.

Jambo moja tunalolisisitiza kwa wote, awe anasajiliwa na sisi, na wakili au na mpwa wake mwenye kompyuta: akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu na baruapepe yako. Tumepokea watu ambao aliyewasajilia alitumia simu yake mwenyewe, kisha akahama mji. Kampuni ina ritani za BRELA, yaani taarifa zake za kila mwaka, ambazo si zile za kodi za TRA, na huwezi kuziwasilisha kwa akaunti usiyoweza kuifungua. Jina la biashara nalo lina ada yake ya kila mwaka, shilingi 5,000.

Ukija kwetu, njoo na namba ya NIDA, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na majina matatu ya biashara uliyoyapenda, kwa sababu la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Mkiwa wabia, njooni wote siku moja.