Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya kuhusu wafadhili hewa wanaowapigia watendaji wetu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mwanjelwa, ninakoendesha steshenari ndogo.

Hivi karibuni mtendaji mmoja wa kijiji alinipa simu yake nimchapie barua. Ilisema mfadhili ametenga shilingi milioni 180 za kumalizia zahanati, ila zimekwama benki zikisubiri "ada ya kuachia fedha", shilingi 640,000, ilipwe kabla ya saa kumi jioni. Nembo ya Taifa ilikuwa na ukungu, kama picha iliyovutwa ikapitiliza. Anwani ya "wizara" ilikuwa ya Gmail, si ya go.tz ya Serikali. Ada yenyewe ilitakiwa kutumwa kwenye namba ya simu ya mtu.

Nikamuuliza, "Mtendaji, kumbukumbu namba ya malipo, ile control number ya Serikali, iko wapi?"

Akakaa kimya, kisha akasema, "Dada, nimeshatuma mara mbili." Ya kwanza ya usajili, ya pili ya mwanasheria. Zote alizitoa kwenye ushuru aliokusanya, akitegemea kuzirudisha kabla ya siku ya kupeleka benki. Na aliambiwa asimwambie mkurugenzi wa halmashauri mpaka fedha ziingie.

Hapo kwenye siri ndipo pa kushtukia. Fedha halali ya mradi wa kijiji haimfichi mkurugenzi, wala haimdai mtendaji atangulize chochote mfukoni mwake.

Wasichekwe. Mwaka 2007 huko Marekani, aliyekuwa mweka hazina wa kaunti ya Alcona, Michigan, alifungwa kwa kuchota zaidi ya dola milioni 1.2 za umma, na sehemu yake aliwatumia matapeli wa ahadi kama hizi. Ukishatuma ya kwanza, unatuma ya pili ili kuiokoa ile ya kwanza.

Mheshimiwa, namba 15040 ya kuripoti matapeli wa simu ipo, na itangazwe kwenye vikao vya watendaji. Lakini kila halmashauri iwe pia na mtu mmoja anayejulikana, wa kupigiwa barua ya mfadhili inapofika, kabla hata shilingi haijatoka. Na aliyekwisha kutuma akijitokeza mapema, asikilizwe kwanza. Siombi aliyegusa ushuru asamehewe. Naomba asiogope kiasi cha kutuma mara ya tatu.

Mtendaji wangu alikuwa bado amesimama kaunta pale "mfadhili" alipompigia tena.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, Mwanjelwa