Vijana wa Kilatino na Wahusika Wanaowagusa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana wa Marekani na hadithi wanazozipenda ilidai kwamba "Wahispania" humpenda mhusika yeyote anayefanana nao kwa sura. Nianze na jina lenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili, Mhispania ni mtu wa Hispania, ilhali hao waliokusudiwa, yaani Walatino wa Marekani, ambao sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 62, wengi wao wana asili ya Mexico, na wengine ya Puerto Rico, Cuba, El Salvador, Honduras na kwingineko. Kuwatia wote kapu moja ndiko kulikoipotosha makala nzima.

Ninaishi Houston, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya usiku katika jiko la hoteli pamoja na vijana hao, wengi wakiwa na miaka 20 na ushee. Usiku mmoja dada ambaye wazazi wake walitoka Honduras aliizima simu katikati ya tamthilia, kwa sababu mhusika aliyeelezwa kuwa Mhondurasi alimwita rafiki yake "tú" ("wewe" kwa Kihispania), kama wasemavyo Wamexico, wakati kwao watu waliozoeana huitana "vos", neno lenye maana hiyohiyo. Rangi, nywele, hata chakula kilichokuwa mezani havikuwa na kasoro; neno moja likamfukuza.

Dada huyohuyo hutembea na kitabu cha Sandra Cisneros cha mwaka 1984, The House on Mango Street, kimekunjika pembe ndani ya mfuko wa aproni. Esperanza, msichana wa humo, ana asili ya Mexico na anakulia Chicago. Kwa neno la "tú" na "vos" mtu angetarajia amkatae. Lakini Esperanza hapendi jinsi jina lake linavyotamkwa shuleni na anatamani kujipa jingine, na hapo dada wa watu akaanza kutuhadithia, huku akimenya viazi, jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa kila mwalimu alipofika kwenye jina lake katika daftari la mahudhurio.

Sikatai kwamba sura ina uzito wake. Waliozoea kuona watu wao wakipewa nafasi za mtumishi wa ndani na muuza dawa za kulevya hufurahi wanapomwona daktari mwenye jina kama lao. Ila furaha hiyo hupita upesi. Kijana mwingine wa jikoni kwetu, mzaliwa wa Texas mwenye asili ya Mexico, anampenda Miles Morales, kijana anayegeuka Spider-Man, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Nilipomuuliza sababu, hakutaja rangi wala nchi. Alisema kwamba katika filamu ya mwaka 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, mama huyo anachanganya Kihispania na Kiingereza anapozungumza na mwanawe, bila tafsiri yoyote chini ya picha, sawasawa na nyumbani kwao. (Wanangu nami nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na wao pia wanampenda Miles.)

Mkirudia mada hii, naomba mwandishi wenu awaulize vijana wenyewe ni ukurasa upi au tukio lipi lililowagusa, kabla ya kuwauliza asili yao.

Mtanzania aishiye Houston, Texas