Mhariri, ile sio rangi, ni chokaa

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Tanga. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa kumi na moja huu nakula vumbi la skiming (kule kulainisha ukuta kabla ya rangi), na gazeti lenu nalinunua hasa kwa ajili ya ukurasa wa nyumba. Sasa mara mbili mmeandika "rangi ya Venetian" mkaweka na picha ya ukuta unang'aa kama kioo, basi wateja wananijia na gazeti mkononi, fundi nataka rangi hii, ndoo shilingi ngapi? Kwa heshima kabisa naomba niseme ile sio rangi jamani, ni chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru (marumaru jiwe lenyewe, sio tiles za sakafuni). Mnaweza kuona ni neno tu, lakini mimi neno hilo limenila hela.

Mwaka jana nilipata kazi Dar, ukuta mmoja tu wa sebuleni, mama mwenye nyumba ananiuliza unaiweza hii nikasema naiweza, maana fundi gani anasema haiwezi? Nilikua nimeangalia video kama nne hivi. Nikaenda kununua ndoo, muuzaji nae ananiambia "hii rangi nzuri sana", nikaifanya kama rangi kweli. Nikaipakaza nene ili niwahi kumaliza, nikafika katikati ya ukuta nikashuka kunywa chai, nakunywa na chapati mbili tena kwa raha zangu. Kurudi, pale nilipoishia pameshakauka, nikiunganisha panatokea mstari kama ule wa maji yakikupwa pwani. Nikasema ntaufuta wakati wa kusugua ing'ae, nikachukua mwiko wangu wa siku zote, wenye kutu kutu, kadri ninavyosugua ukuta unatoka michirizi myeusi. Alafu ile rangi ya kahawia aliyoichagua mama ikakauka ikawa chai ya maziwa. Mama akaja akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, huu ukuta umeungua?" Siku mbili nakwangua na hela yangu ya ufundi ikaishia kwenye msasa na nauli.

Nilivyorudi Tanga nikaokota vipande vya jipsam bodi kwenye saiti, nikakata kama sentimita 60 kwa 60, nikaanza upya uani kwangu. Bodi ya kwanza mpaka ya tano sitaki hata kuzikumbuka. Nilichokuja kukigundua ni kwamba mkono wa skiming ndio unaotuharibia sisi mafundi rangi, kwa sababu tumezoea kuvuta ndefu na kujaza, wakati hii kitu inataka kidogo kidogo, unachota kama cha kupaka mkate, unavuta fupi fupi huku na huku zikipishana, kila mkono, yaani kila tabaka, hata milimita moja haufiki. Unaacha ikauke, unapiga mkono wa pili, wa tatu, na huo wa mwisho ndio una kazi. Ukisugua ingali mbichi inabanduka, ukichelewa imeshakua jiwe haikubali kung'aa, kuna muda katikati hapo ukigusa na kidole ni baridi lakini haikushiki, hapo ndio unalaza mwiko unakandamiza, na unausikia wenyewe ukibadilika sauti. Hakuna video iliyonifundisha hiyo sauti. Mwiko uwe wa stenlesi, unaonesa, pembe zake umezipiga msasa zikawa mviringo zisichimbe, na kila ukivuta mara kadhaa unaufuta kwa kitambaa, punje moja tu iliyokauka inakuchorea ukuta mzima. Ukianza ukuta unaumaliza kona mpaka kona, chai baadae. Rangi ya kuchanganyia humo ni oksaidi, unga wa rangi wa madini, tena ijaribu kwenye bodi uiache ikauke ndio umuoneshe mteja, kwa sababu chokaa ikikauka inapauka sana. Na vaeni miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni sio mchezo.

Sasa Mhariri, kilichonichekesha ni hiki. Marehemu babu yangu alikua fundi wa chokaa Pangani. Wanapanga magogo, juu matumbawe, wanachoma, ikitoka wanaimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, kisha inakaa muda mrefu mpaka iwe laini kama samli. Waitalia nao hivyo hivyo, wanailaza kwenye maji miezi hata miaka. Jiwe la chokaa, au hilo tumbawe, likipata joto la nyuzi kama 900 linatoa hewa yake, na likishakua ukutani linaivuta ile hewa kidogo kidogo linarudi kua jiwe. Ndio maana nasema sio rangi, rangi inakauka ikaisha, hii inaendelea kukomaa wiki na wiki. Na hiyo Venice ya Italia ni mji umejengwa majini, kuta zinanyonya chumvi na unyevu, chokaa inaruhusu ukuta kupumua, na unga wa marumaru unakupa sura ya jiwe bila kubebesha nyumba mawe. Waroma walishayajua haya zamani, msanifu wao wa majengo Vitruvius kaandika kabisa tabaka za mchanga kwanza, kisha tabaka za marumaru, kusugua mpaka ing'ae. Na huku kwetu nenda Lamu uangalie zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwenye nyumba za zamani, ile chokaa ilivyochongwa, alafu uniambie nani anamfundisha nani. Nimelipia ndoo ya kutoka Italia kununua ndugu yake chokaa ya babu yangu! Sisemi turudi kuchoma matumbawe, hapana, yaacheni baharini, mawe ya chokaa Tanga tunayo.

Kuna na ndoo zingine madukani ni akriliki tupu, plastiki hiyo. Sio mbaya, ni rahisi hata kwa anaeanza, kwenye ukuta mkavu wa ndani inapendeza, ila haipumui kama chokaa, ukiipiga juu ya ukuta wenye unyevu itakuja kuvimba. Mteja aambiwe anapewa ipi.

Kwahiyo ombi langu mkiandika tena andikeni chokaa, na bei muiweke kwa mita ya mraba sio kwa ndoo, kwa sababu pale mteja analipa mkono na muda. Na muwaambie wasomaji wenu fundi akisema anaiweza wamuombe kwanza bodi aliyoipiga mwenyewe, hata mimi waniombe. Ninayo ya kumi na mbili hapa imetoka vizuri, kona moja tu imeniponyoka. Nimempigia picha nikamtumia yule mama wa Dar, nikamuandikia mama shikamoo, naomba nirudi niupige ule ukuta bure. Amejibu "mh". Hapa nyumbani tunabishana mpaka leo hiyo ni ndio au ni hapana.

Fundi Rangi,
Tanga.